Kabla ya Kumsajili: Mwongozo wa Kupima Thamani ya Mchezaji kwa Timu za Mtwara na Lindi

Msimu ukiisha, simu za viongozi huanza kuita. Mjumbe mmoja kamwona winga Newala, mwingine ana mpwa wake Nachingwea, na wa tatu kasikia kwamba beki aliyeachwa na timu ya Championship, ligi ya pili chini ya Ligi Kuu, anataka kurudi nyumbani Masasi. Ndani ya wiki moja majina yanajaza ukurasa, na bado hakuna aliyekaa chini kuuliza timu inakosa nini.

Nimewaandikia katibu, mwalimu na wajumbe wa kamati ya usajili wa timu zetu za wilaya na mkoa, pamoja na zile zinazopigania kupanda. Timu kubwa zina wachambuzi wa video na watu wanaolipwa kuzunguka nchi nzima kutafuta vipaji. Sisi tuna daftari, simu yenye kamera na watu wanaoujua mpira. Vinatosha kabisa vikitumika kwa mpangilio. Ninachoshikilia katika hatua zote ni hiki: mchezaji hana bei moja inayomfuata kila aendako. Thamani yake kwako inatokana na pengo ulilonalo, mechi ambazo kweli atakuwepo, na jumla ya gharama za kuwa naye.

Hatua ya 1: Kagua kikosi chako kabla ya kutaja mtu wa nje

Fanya kazi hii mara tu ligi inapomalizika, watu wakiwa hawajatawanyika. Chora jedwali daftarini na kila mchezaji apate mstari wake: umri, mguu anaoutumia, nafasi anayoicheza vizuri, nafasi ya pili anayoweza kuiziba bila timu kuyumba, dakika alizocheza, mechi alizokosa na sababu zake, na tarehe ya mkataba wake kuisha.

Safu ya dakika ndiyo yenye uzito. Mabao hukumbukwa na kila mtu, dakika hazikumbukwi na yeyote. Ligi ya timu 10, nyumbani na ugenini, ina mechi 18, yaani dakika 1,620 kwa mchezaji asiyekosa hata moja. Aliyecheza dakika 1,400 ni nguzo ya timu hata kama hajawahi kubebwa juujuu na mashabiki. Aliyecheza 500 kwa sababu nyama za paja humkamata kila baada ya wiki chache ni swali linalohitaji jibu, hata kama ndiye aliyewafunga watani wenu. Kama hamkuandika dakika, tafuteni nakala za fomu za mechi. Majina ya walioanza na walioingia yamo humo, na kazi ya kujumlisha haizidi jioni chache. Nusu ya ubishi wa kamati ya usajili huishia hapo.

Kisha wagawe: wanaobaki bila mjadala, wanaobaki ikiwa hapatikani aliye bora zaidi, na wanaoachwa. Kundi la kati liwe dogo. Mara nyingi hujaa kwa sababu tunaogopa lawama za mtaani, na mwisho wake timu inaingia msimu mpya na wachezaji 30 ambao 12 kati yao hawatavaa jezi.

Hatua ya 2: Weka kalenda ya korosho kando ya ratiba ya ligi

Hili hutalikuta katika kozi ya ukocha, lakini huku kwetu linaamua mechi. Wachezaji wetu wengi ni wakulima au watoto wa wakulima. Katikati ya mwaka mikorosho inapuliziwa dawa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kazi hiyo hufanywa alfajiri upepo ukiwa haujaamka. Kijana aliyetembea shambani na bomba mgongoni tangu saa kumi na moja hawezi kukupa mazoezi ya nguvu jioni yake. Mwezi wa tisa au wa kumi uokotaji unaanza, na shughuli huendelea hadi Desemba, penginepo zaidi. Minada ya stakabadhi ghalani ikifunguliwa Oktoba, fedha zinaingia vijijini, na ndondo, yaani mashindano ya mtaani, zinachipuka kila kata. Hapo beki wako anapigiwa simu akachezee kijiji kingine Jumapili, alipwe siku hiyohiyo. Jumatatu anakuja mazoezini kifundo kimevimba.

Silaumu vijana. Mtu anayepata posho ya nauli tu kwenye timu ya mkoa hawezi kuambiwa aache mavuno ya familia. Jukumu ni la kiongozi kujua mapema. Kwa kila unayemfikiria, uliza: shamba la kwenu liko wapi? Nani mwingine anaokota? Msimu uliopita ulikosa mazoezi siku zipi? Kwa vijana wa Mikindani, Kilwa na pwani nzima, maswali yawe ya bahari: unatoka na chombo cha nani, na usiku wa giza huwa uko wapi? Kwa bodaboda, uliza kama pikipiki ni yake au analeta hesabu kwa mwenyewe kila jioni.

Ukishapata majibu, kaa na ratiba na uandike idadi ya mechi ambazo kwa uaminifu unaamini atacheza. Iite mechi tarajiwa. Itakuwa msingi wa hesabu zote zinazokuja.

Kuna ufumbuzi ambao timu nyingi hazijaribu. Ikiwa kinachomzuia kiungo wako ni uokotaji wa wiki mbili, timu inaweza kumlipia kibarua shambani kwa siku za mechi na za mazoezi makubwa. Mara nyingi gharama hiyo ni ndogo kuliko kusajili kiungo mwingine. Na kuhusu ndondo, marufuku ya jumla haifui dafu kwa mchezaji asiye na mshahara wa maana. Afadhali mkubaliane kwa maandishi: anaomba ruhusa, hachezi siku tatu kabla ya mechi ya ligi, na akiumia huko anatoa taarifa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Tafuta pengo kwa kuhesabu mabao mliyofungwa

Ukimuuliza shabiki timu inahitaji nini, atasema mshambuliaji. Atasema hivyo hata kama mmefungwa mabao mengi kuliko timu zote. Kwa hiyo kaa na mwalimu, nahodha na kipa mpitie kila bao mlilofungwa na kuandika lilipotoka: kona au faulo, krosi ya upande wa kulia, krosi ya kushoto, mpira mlionyang'anywa katikati, kosa la mtu mmoja, penalti. Andikeni pia dakika.

Tuseme mmefungwa mabao 22. Tisa ni ya kona na faulo, sita yametoka upande wenu wa kushoto, mengine yametawanyika. Na kati ya yote, kumi yamekuja baada ya dakika ya 70. Sasa mna habari ya kweli. Tatizo la kwanza linaweza kutatuliwa na mazoezi au beki wa kati mrefu asiyeogopa kichwa. La pili ni beki wa kushoto, au ni winga wa kushoto asiyerudi kumsaidia, na lazima mjue ni yupi kabla ya kumtafuta mbadala. La tatu huenda si la usajili hata kidogo, ni la pumzi na la benchi. Sheria za mpira zinaruhusu wachezaji watano wa akiba kuingia pale mashindano yanapokubali, na timu isiyo na watu watano wa kuaminika benchi inacheza nusu saa ya mwisho ikiwa imechoka dhidi ya miguu mipya. Kwa joto la Lindi saa kumi jioni, hilo ni bao.

Fanyeni hivyohivyo kwa mabao mliyofunga. Kama mengi yalitoka kwa mtu mmoja na mtu huyo anaondoka, pengo lenu kubwa bado halijaonekana kwenye msimamo wa ligi.

Hatua ya 4: Andika kazi ya mchezaji kwa sentensi moja

"Tunataka namba tatu" haitoshi. Andika hivi: beki wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto, mwenye mbio za kurudi dakika ya 80, asiyepanda mbele winga wake akiwa juu, anayekaa Mtwara Mjini au aliye tayari kuhamia. Sentensi kama hiyo inafuta majina mengi kwa mkupuo mmoja, na inampa mjumbe mwenye mpwa wake kipimo cha haki kisichomvunjia heshima mtu.

Hapa mwalimu awe na neno la mwisho. Kama timu yenu inakaa nyuma na kushambulia kwa kushtukiza, kiungo fundi anayetaka kugusa mpira mara nyingi atanuna hadi Desemba. Ni mchezaji mzuri, ila yuko mahali pasipo pake.

Hatua ya 5: Pa kutafuta

Anza na vijana wenu wa chini, kisha wachezaji wa timu pinzani waliowasumbua, kisha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ambayo Mtwara imewahi kuwa mwenyeji wake kitaifa, kisha ndondo. Msisahau wanaorudi kutoka timu za juu. Kusini tuna bahati ya kuwa na watu waliopita kwenye soka kubwa bila kulazimika kuishi Dar es Salaam. Ndanda ya Mtwara iliingia Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kukaa hadi iliposhuka mwisho wa msimu wa 2019/20, na uwanja wa Nangwanda Sijaona ukawapokea Simba, Yanga na Azam miaka yote hiyo. Namungo ya Ruangwa ilipanda 2019 na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya nne, tena kwenye ligi ya timu 20. Wanaoachwa na timu kama hizo wana uzoefu wa kambi, safari ndefu na presha. Wengine wanakubali kwa mkopo au kwa fedha ndogo ili wawe karibu na familia zao.

Ila msisajili historia ya mtu. Aliyekuwa kikosini Ligi Kuu bila kucheza kwa mwaka mzima hana mechi miguuni, na pengine atahitaji miezi miwili ya kurudi.

Hatua ya 6: Mtazame zaidi ya mara moja, na mtazame asipokuwa na mpira

Karani wa chama cha msingi cha ushirika hapitishi gunia la korosho kwa kutazama punje iliyo juu. Anachota sampuli pande mbalimbali. Mchezaji naye atazamwe walau katika mechi tatu zinazotofautiana: nyumbani kwake, ugenini, na mechi ambayo timu yake inapigwa. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda. Inaonyesha nani anaendelea kuomba mpira matokeo yakiwa 3-0, nani anawagombeza wenzake, na nani anatafuta kivuli.

Zingatia uwanja. Viwanja vyetu vingi ni vya mchanga, na mpira hausafiri juu yake kama kwenye nyasi. Chenga zinazowaua watu kijijini hutegemea mabeki wanaozama mchangani. Ukimweka winga huyo kwenye uwanja mgumu ambako beki anageuka haraka, nusu ya hila zake zinakufa. Kinyume chake, kiungo anayetuliza mpira na kutoa pasi safi mchangani ana mguso wa kweli na atang'aa zaidi kwenye nyasi. Ukiona mtu wa namna hii, chukua namba ya simu yake kabla ya mechi kuisha.

Mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kumrekodi mchezaji huyo peke yake kwa simu, hata kama mpira uko upande wa pili. Mkirudi nyumbani tazameni kwa utulivu. Kwa kiungo, hesabuni mara anazogeuza shingo kuangalia nyuma kabla ya kupokea pasi. Kwa beki wa kati, tazameni miguu yake mpira ukiwa mbali: anasogeza mstari, anaongea, au anasimama mikono kiunoni? Kwa mshambuliaji, hesabuni mbio anazopiga bila kupewa mpira, maana anayekimbia mara kumi ili apewe mara mbili ndiye anayewachosha mabeki wa wenzenu. Kipa msimhukumu kwa kuruka. Mhukumuni kwa krosi anazozifuata, sauti yake, na mipira anayoidaka bila kulazimika kuruka kwa sababu alishasimama mahali sahihi.

Mechi ikiwa ndani ya Ramadhani, punguzeni ukali wa hukumu juu ya pumzi. Kijana aliyefunga anacheza saa kumi jioni bila tone la maji. Mtazameni akili yake, na mrudi baada ya Idi kutazama mbio zake.

Hatua ya 7: Soma takwimu kwa uangalifu

Mchukue Juma na Saidi, majina ya mfano tu. Juma amefunga mabao 9 kwa dakika 1,530. Saidi amefunga 6 kwa dakika 720. Ukigawa mabao kwa dakika na kuzidisha kwa 90, Juma ana 0.53 kwa mechi na Saidi 0.75. Kamati nyingi zingemkimbilia Saidi kama mtu asiyepewa nafasi.

Sasa ondoa penalti. Juma alipiga moja, Saidi alipiga tatu. Juma anabaki na mabao 8, sawa na 0.47, na Saidi anabaki na matatu, sawa na 0.38. Picha imegeuka. Tena dakika 720 ni kama mechi nane, na mabao matatu ndani ya mechi nane yanaweza kutokana na timu moja dhaifu. Andikeni pia mabao yalifungwa dhidi ya nani.

Kuhusu umri, msitosheke na tarehe anayoitaja kwa mdomo. Ombeni cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na cheti cha shule, kisha linganisheni. Umri unabadilisha thamani. Kijana wa miaka 19 unamlipia miaka ijayo na kuvumilia makosa, wa miaka 31 unamlipia msimu huu tu na hupaswi kumpa mkataba wa miaka mitatu.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya gharama yote, kisha igawe kwa mechi tarajiwa

Fedha ya usajili ni mlango tu. Ndani kuna mshahara au posho, chumba, chakula, nauli za kwenda kwao, viatu, na matibabu. Chukua mfano wa washambuliaji wawili kwa msimu wa miezi tisa wenye mechi 18.

Wa kwanza anatoka mbali. Anataka shilingi 1,200,000 ya usajili, 150,000 kwa mwezi (1,350,000), chumba cha 40,000 kwa mwezi (360,000) na nauli 200,000. Jumla ni 3,110,000. Kwa kuwa ana historia ya goti, unaamini atacheza mechi 12. Kila mechi yake inaigharimu timu kama 259,000.

Wa pili ni kijana wa Shangani, analala kwao, hana fedha ya usajili, posho 100,000 kwa mwezi na nauli ndogo ya 90,000. Jumla ni 990,000, na utakuwa naye mechi 17. Kila mechi ni kama 58,000.

Hesabu hii haisemi umchague wa pili. Inauliza kama wa kwanza anazidi wa pili kwa kiasi cha tofauti ya shilingi 2,120,000, au kama fedha hiyo ingeleta beki wa kushoto pamoja na basi la kwenda Liwale bila timu kulala njiani. Kama mmekosa kupanda daraja kwa mabao mawili na mshambuliaji huyo ni wa mabao 15, mchukueni kwa roho safi. Kama ni bora kidogo tu, hapana.

Wenzetu wa ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, NHL, wanalazimishwa na kanuni kufikiri hivi. Tangu msimu wa 2005/06, baada ya msimu uliotangulia kufutwa wote kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, kila timu ina kikomo cha jumla ya mishahara. Kwa 2025/26 ni dola milioni 95.5. Dirisha lao la wachezaji huru linapofunguliwa kwa kawaida Julai mosi, meneja hawezi kumtazama mshambuliaji bila kujiuliza ni beki gani atashindwa kumlipa kwa sababu yake. Timu ya Mtwara au Lindi ina kikomo vilevile, kinaitwa sanduku la mweka hazina, ila hakijaandikwa popote. Kiandikeni. Kamati ikubaliane jumla kabla ya dirisha, na mtu yeyote akileta jina jipya aseme pia ni lipi linatoka.

Tena msitumie yote. Acheni akiba kwa ajili ya dirisha dogo, lile la usajili wa katikati ya msimu, maana majeruhi hawana ratiba. Namungo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2020, na msimu uliofuata ikajikuta hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika pamoja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, huku ligi ya nyumbani ikiendelea. Mafanikio yenyewe huongeza mechi, na kila mechi inataka miguu.

Hatua ya 9: Majaribio, na mazungumzo na wanaomjua

Majaribio ya siku moja huwapendelea wenye kujionyesha. Mpe wiki. Siku ya kwanza usimpime, mwache ajue majina ya wenzake. Baadaye mweke kwenye kazi ile mliyoiandika katika Hatua ya 4, si kwenye nafasi anayoipenda, na mpambanishe na mchezaji wenu bora wa upande huo. Mfanye acheze pia akiwa amechoka, mwisho wa mazoezi, maana hapo ndipo maamuzi yanapoharibika.

Nje ya uwanja, ulizeni. Mwalimu wake wa zamani atawaambia kuhusu mpira. Mtunza vifaa atawaambia nani huokota mipira na nani huacha jezi chini. Mama lishe aliyelisha kambi yao anajua nani analipa madeni na nani anakula usiku wa manane. Ulizeni kwa adabu:

"Shikamoo mama. Yule kijana wenu aliyekuwa kambini hapa, tunataka kuishi naye. Utushauri."

Watu wetu hawapendi kumharibia mtu riziki, hivyo sikilizeni pia anachokikwepa. Mkijibiwa "ni mtoto mzuri, ila mtamzoea," rudini na swali jingine kesho.

Hatua ya 10: Afya na karatasi

Vipimo vya afya vifanyike kabla ya kusaini. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea mchezaji kufaulu vipimo, kwa hiyo ukisaini kwanza kisha ukakuta goti limekwisha, mzigo ni wako. Mpelekeni hospitalini apimwe moyo na presha, na mtaalamu amkague magoti na vifundo. Wenyewe mnaweza kuona mengi kwa kumwambia aruke kwa mguu mmoja mara kumi kila upande. Kama mguu mmoja unaogopa kutua, ulizeni kwa nini.

Mchezaji mwenye mkataba mahali pengine, andikieni klabu yake kwanza. Kanuni hizo zinataka klabu yake ijulishwe kwa maandishi kabla ya mazungumzo naye, na bila klabu hiyo kukubali yuko huru kusaini kwingine pale tu mkataba wake umekwisha au umebakiza miezi sita au pungufu. Ndani ya msimu mmoja anaweza kusajiliwa na klabu tatu lakini kucheza mechi rasmi kwa mbili tu, kwa hiyo aliyekwisha kuchezea mbili hata akija bure hatawafaa hadi msimu ujao. Mkataba wa aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka mitatu, na mzazi ashirikishwe tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna jambo letu la mpakani. Mto Ruvuma haujawahi kuwatenganisha ndugu, na vijana wengi wa Msumbiji wana shangazi Newala, Tandahimba au Mtwara Mjini. Lakini kisoka, aliyesajiliwa na chama cha soka cha Msumbiji hawezi kusajiliwa huku bila hati ya uhamisho wa kimataifa inayopitia TFF, shirikisho letu la soka, hata kama ni mchezaji wa ridhaa. Na akiwa chini ya miaka 18 uhamisho wa kimataifa kwa ujumla umekatazwa, isipokuwa kwa masharti. Moja linawahusu watu wa mpakani: nyumbani kwake na klabu vyote viwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, umbali kati ya viwili hivyo usizidi kilomita 100, aendelee kuishi kwao, na vyama vyote viwili vikubali. Fuateni njia hiyo. Kumtumia mtu kwa jina la binamu yake kunaweza kuwanyang'anya pointi za msimu mzima na kumfungia kijana mlango wa maisha.

Wekeni pia kumbukumbu za vijana mliowalea, tangu miaka 12, kwa tarehe. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu ya kata yenye rekodi safi ina haki hapo sawa na timu kubwa.

Hatua ya 11: Waachie watu mapema na kwa heshima

Usimwache mchezaji ajue kwamba ameachwa kwa kuona jezi yake kwa mwingine. Mwite ofisini au nyumbani kwa mwenyekiti, mlipe anachodai, mpe barua yake ya kuruhusiwa dirisha likiwa bado wazi, na umsaidie kupiga simu kwa timu inayoweza kumhitaji. Vijana wa Mtwara na Lindi wanajuana wote. Timu inayowatendea watu haki hupata wachezaji wazuri kwa bei ambayo wengine hawaipati.

Hatua ya 12: Andika sababu za kila usajili

Kabla ya kusaini, katibu aandike kwa kila mchezaji mpya: kazi aliyosajiliwa kuifanya, mechi tarajiwa, gharama kwa mechi, na jambo moja linalotutia wasiwasi. Wajumbe wote wasaini ukurasa huo. Baada ya mechi ya tano ufunguliwe mbele ya mwalimu. Kama beki alisajiliwa kuzuia krosi za kushoto na krosi bado zinapita, chunguzeni kwanza kama anachezeshwa kazi aliyosajiliwa. Kama anachezeshwa na bado zinapita, mtafuteni mwingine sasa, wakati dirisha dogo likiwa bado mbele yenu na akiba ikiwa bado mkononi.